TP Urambo: lile swali la bani

Najua nimepotea, mnisamehe bure. Kule Urambo nilikokwenda TP mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nimerudi kampasi juzi na kuna kitu bado kinanisumbua, ngoja nikitoe.

Siku hiyo mada ilikuwa seli, kidato cha kwanza. Nilichora ubaoni seli ya mmea kubwa ile mbaya: ukuta, utando, kiini, vakuoli katikati, mitokondria, na kloroplasti kwa chaki ya kijani. Mkaguzi wangu kakaa nyuma na kalamu yake. Darasa linaitikia kama kwaya kwamba mitokondria ndizo zinatoa nguvu, nami kichwa kimevimba. Mara dogo mmoja ananyoosha mkono.

"Mwalimu, hizo za kijani zinakufa lini? Jani likichumwa au likishaingia bani?"

Wadau wa Dar, bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku ya mvuke: moto unawashwa nje, joto linapita ndani kwenye mabomba. Urambo, baada ya Waingereza kushindwa na mradi wao wa karanga wa 1947, tumbaku ndiyo ikawa kila kitu. Mimi mtoto wa mjini nikajibu chap chap: jani likichumwa limekufa. Akasema, "Sawa mwalimu." Ile sawa ya mtu anayejua umemdanganya.

Baada ya kipindi akanifuata. Msimu uliopita aliachiwa moto usiku, akaongeza kuni ili wamalize mapema akalale. Majani yakakauka na ukijani wake, daraja likashuka sokoni. Baba yake hakumpiga, alinyamaza tu wiki nzima. Dogo alitaka kujua aliharibu nini hasa.

Usiku nikabukua notsi za mwaka wa kwanza kwa tochi. Aisee, nilikuwa nimechemsha! Jani likiingia bani bado liko hai. Siku mbili hivi za mwanzo joto linawekwa dogo, nyuzi 35 hadi 40, na unyevu. Mitokondria bado zinachoma sukari, vimeng'enya vinageuza wanga kuwa sukari, na kloroplasti zinabomoka taratibu. Klorofili ikiondoka ndipo njano inaonekana, na hiyo njano ilikuwamo humo humo tangu shambani, imefunikwa tu. Ukikoleza moto mapema, seli zinakufa na vimeng'enya vinaharibika kazi ikiwa nusu. Kijani kinabaki hapo hapo.

Nikasoma na vakuoli: nikotini inatengenezwa kwenye mizizi, inapanda, inahifadhiwa humo. Ndiyo maana wanaochuma alfajiri majani yakiwa na umande wanapata kichefuchefu na kutapika, inapita kwenye ngozi. Darasa zima walilijua hilo kwa matumbo yao, mimi nililijua kwa mtihani.

Kesho yake mkaguzi alishaondoka na maksi zake nzuri. Nikaingia darasani, nikasema jana nilikosea, nikaeleza upya kwa Kiswahili. Kloroplasti niliichora ndani ya bani, teh teh! Dogo akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mwalimu, ningesubiri siku mbili tu?"

Nikamwambia ndiyo. Akainama, akaandika kwenye daftari.

Kesho nina testi ya saikolojia, sijafungua hata ukurasa mmoja. Tuonane kantini.