Tani Ngapi za Kokoto Uani?

Ukimwuliza fundi kiasi cha kokoto kinachohitajika chini ya kabro za uani, aghalabu atakujibu kwa hesabu ya lori. "Mzee, lori moja tu litatosha." Ndivyo nilivyojibiwa hapa Embakasi. Lori lenyewe ni la tani 10, na pesa za kulilipia zilikuwa zikitazamana na karo ya muhula.

Kabro kwetu hazikuwa anasa. Mama yangu hulala kwetu kila anapokuja kliniki, na udongo mweusi wa huku, mvua ikinyesha, huteleza kama mlenda. Mara mbili ameokolewa na kamba ya kuanikia nguo.

Basi nikatwaa utepe wa kupimia, na binti yangu wa Gredi ya 6 akaleta daftari. Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: urefu mara upana mara kina. Ua wetu ni mita 5 kwa 4, yaani mita 20 za mraba. Kabro za kukanyagwa na watu tu, zenye unene wa milimita 60, kwa kawaida huwekewa msingi wa kokoto wa sentimita 10. Jumla, mita 2 za ujazo.

Wengi hukomea hapo, kumbe hizo mita 2 ni za kokoto zilizokwisha kushindiliwa. Zikimwagwa kutoka kwa lori huwa zimeachana. Mashine ikipita juu, zinashuka. Binti akaongeza robo, akapata 2.5. Mita moja ya ujazo ya kokoto zilizolegea ina uzito wa tani 1.5 hivi, kwa hiyo zilitakiwa kama tani 4. Usiyeziamini tani, msomaji, hesabu kwa debe la lita 20: madebe 50 hujaza mita moja ya ujazo.

Fundi akalitazama daftari, akakuna kichwa. "Lakini mzee, udongo huu ni ule mweusi."

Hapo alinena kweli. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi mwembamba juu yake hucheza. Hauko sawa na ule mwekundu wa Kabete. Tukakubaliana achimbe zaidi, na msingi uwe wa sentimita 15. Tazama basi kina kinavyokula pesa: mita 3, pamoja na robo yake 3.75, karibu tani 6. Ua haukukua hata kidogo. Tuliagiza zile zenye ukubwa mchanganyiko, na vumbi lake ndani, kwani hushikana vizuri kuliko za ukubwa mmoja.

Kokoto zilizolowa huwa nzito, nami sikutaka kununua maji kwa tani, hivyo tuliagiza kwa ujazo. Lori lilipofika, shehena ilikuwa na kilele kirefu katikati na mabonde pembeni. Nikamwomba dereva asimwage kwanza. Alinuna, lakini alipanda na koleo akasawazisha. Nyuma ya lori mlikuwa na urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 2. Binti akachomeka fimbo mpaka chini: sentimita 58. Akazidisha, akapata 3.7 na ushei, akanitikisia kichwa nikatoa pesa.