Postikadi ya chumba cha chai

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe. Zamu za usiku zimenibana, na baridi ya Dublin nayo haina adabu.

Leo niwape kisa cha wadini kwetu. Mwenzangu wa Kroatia alirudi likizo na postikadi ya Zagreb, akaibandika kwenye chumba cha chai: sanamu ya mtu juu ya farasi, upanga mkononi. Asubuhi tukaikuta imegeuzwa, uso ukutani. Aliyeigeuza ni nesi wa Hungaria, wala hakuficha. Nikadhani ni ubishi wa Simba na Yanga, kumbe ni mambo ya 1848!

Mtu mwenyewe ni Josip Jelačić, baroni na mwanajeshi aliyezaliwa 1801. Machi 1848 alipewa cheo cha ban, yaani mtawala wa Kroatia chini ya kaizari wa Austria. Mwezi uliofuata akatangaza kwamba wakulima hawatawafanyia tena makabaila kazi ya lazima bila malipo, na yeye mwenyewe alikuwa kabaila! Mwenzangu akifika hapo macho yanamng'aa, maana kwao ni wakulima.

Lakini Septemba mwaka huohuo Jelačić alivuka mto Drava na jeshi lake kuwapiga Wahungaria waliotaka kujitawala, na Oktoba akasaidia kuzima uasi wa Vienna. Kwa yule Mhungaria huyo ni kibaraka wa kaizari, basi.

Hata sanamu haikutulia. Iliwekwa 1866, upanga ukielekea kaskazini, upande wa Hungaria. Serikali ya kikomunisti ikaiondoa 1947. Ikarudishwa 1990, safari hii ikitazama kusini.

Mimi kilichonigusa ni uzee wake. Baada ya kumpigania kaizari hivyo, Vienna ikaitawala Kroatia kwa amri tupu, na ban akabaki kuzitekeleza. Binti yake pekee alifariki mchanga. Naye akaugua, akafa 1859 akiwa na miaka 57. Angelazwa kwetu, sote watatu tungemgeuza kitandani bila kuuliza alimpiga nani.

Postikadi imehamia ndani ya kabati la mwenzangu. Wale wawili wanasalimiana, ila chai kila mtu na saa yake.

Mama, nitapiga Jumapili. Simu uichaji mapema.