Kanga Ukutani: Kufundisha Misingi ya Usanifu wa Michoro

Wengi hudhani kwamba usanifu wa michoro ni kupamba. Sivyo, ni kumwongoza msomaji. Wanafunzi wetu wa sekondari walichora mabango ya kuhimiza watu wachemshe maji ya kunywa, wakayajaza mapambo hata onyo likapotea. Na onyo lisilosomeka halimwokoi mtu na kipindupindu. Tuliwatundikia kanga ukutani, tukawataka wataje sehemu zake: pindo, mji na jina. Wakatambua wenyewe kwamba pindo hulizuia jicho lisitoke nje, mji hulivuta katikati, na jina husomeka kwa kuwa limeachiwa nafasi yake. Ndipo wakapunguza mapambo, wakakuza herufi. Basi, walimu watarajiwa, misingi hii mtoto huiona nyumbani kila siku. Kazi yetu ni kumfumbua macho.