Mizabibu ya Shaba: Matembezi katika Mji wa Colmar

Mara nyingi tusomapo Maandiko twakuta habari za mzabibu, matawi yake, shinikizo lake na watenda kazi wake. Wengi wetu twazisoma habari hizo bila kupata kuuona mzabibu wenyewe. Ndugu zetu wa Dodoma hawana shida hiyo, kwani kwao zabibu hulimwa, nazo huvunwa hata mara mbili kwa mwaka. Lakini walimu wengi wa pwani na wa ziwani huwafundisha watoto kwa kubahatisha. Basi, twendeni pamoja mpaka nchi moja ambako mzabibu ndio riziki ya watu, tukazitazame sanamu tatu za madini zilizowekwa kwa heshima yake. Nasi tukitazama, tuulize neno moja: Aliyeheshimiwa hapa ni nani, na kwa sababu gani?

Mji wenyewe waitwa Colmar, nao uko katika jimbo la Alsace, mashariki ya Ufaransa. Upande wa magharibi yasimama milima ya Vosges. Upande wa mashariki wapita mto mkubwa wa Rhine, na ng'ambo yake ni Ujerumani. Milima hiyo huzuia mawingu ya mvua yatokayo baharini, hata Colmar ikawa mojawapo ya miji ya Ufaransa ipatayo mvua kidogo sana. Kwa hiyo miteremko iliyo chini ya milima hupata jua jingi, na mizabibu hustawi.

Kazi ya mzabibu si kazi ya mvivu. Wakati wa baridi kali, matawi yakiwa makavu kana kwamba yamekufa, mkulima huyapogoa, asibakize ila machache. Yakichipua huyafunga kwenye waya, huyapunguza, huyalinda na magonjwa. Mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, zaidi katika miezi ya Septemba na Oktoba. Ndipo zabibu hukamuliwa, na maji yake hutiwa katika vyombo, yakachacha humo polepole mpaka yawe mvinyo. Asiyepogoa hupata majani mengi na matunda haba.

Katika mji huu alizaliwa Auguste Bartholdi, mwaka 1834. Jina lake lajulikana ulimwenguni kwa sababu ya ile sanamu ya Uhuru isimamayo bandarini New York tangu 1886, ambayo mwili wake ni mabamba ya shaba yaliyofuliwa kwa nyundo. Walakini, kabla ya kazi ile kubwa na baada yake, fundi huyu hakuusahau mji aliozaliwa. Sanamu zote tatu tutakazozitazama ni kazi yake.

Twende kwanza sokoni. Soko la Colmar ni nyumba ya matofali iliyojengwa 1865, na katika pembe yake moja pana chemchemi ya maji. Juu ya chemchemi hiyo amewekwa kijana wa shaba, ameinua kipipa kidogo mpaka kinywani, anywa. Bartholdi aliifanya sanamu hii mwaka 1869. Sanamu za namna hii huumbwa kwanza kwa udongo au kwa plasta. Kisha hufanyizwa kalibu, na shaba iliyochanganywa na bati huyeyushwa kwa moto mkali na kumiminwa ndani. Ikipoa, kalibu huvunjwa, na fundi huisugua kazi yake mpaka ing'ae.

Hapa mzazi Mkristo aweza kusita. Je, yafaa kumweka kijana anywaye mbele ya watu, watoto wakamwona kila siku ya soko? Swali hilo ni la haki, wala tusilipuuze. Twajua ni nyumba ngapi zimebomoka kwa ajili ya kileo, na ni watoto wangapi wamelala njaa baba alipokuwa kilabuni. Hata nchi ya mizabibu haikosi walevi. Lakini tazama jina la sanamu hii. Haikuitwa Mnywaji, bali Mkulima Mdogo wa Mizabibu. Aliyeheshimiwa ni kijana wa kazi, ambaye jembe na jua vimemtia kiu. Tena, chini yake hububujika maji, ambayo mtu yeyote aweza kuyanywa bila kujuta kesho yake. Mwalimu awezaye kuonyesha mambo hayo mawili pamoja, heshima ya kazi na usalama wa maji, amekwisha kupata somo lake.

Kutoka sokoni si mbali hata uwanja ulio mbele ya nyumba ya kale ya ushuru, iliyojengwa 1480. Hapo, juu ya nguzo ya chemchemi nyingine, asimama mtu mkubwa wa shaba aliyevaa mavazi ya vita, naye ameinua mkononi shina la mzabibu. Huyu ni Lazarus von Schwendi, mkuu wa majeshi ya Kaisari, aliyezaliwa 1522 akafa 1583. Bartholdi alimaliza sanamu hii 1898. Yasimuliwa kwamba Schwendi alipoiteka ngome ya Tokaj katika Hungaria, mwaka 1565, alichukua miche ya mizabibu mizuri ya huko akaileta Alsace. Kwa habari hiyo wakulima wa Alsace wakaiita zabibu yao moja Tokay muda wa miaka mingi.

Ni hadithi tamu, lakini haikuthibitika. Kuiteka ngome ni kweli. Kuleta miche hakuna ushahidi wake. Tena zabibu ile ya Alsace si ndugu ya zabibu za Tokaj hata kidogo, bali asili yake ni jimbo la Burgundy, huko huko Ufaransa. Watu wa Hungaria walidai jina lao, na tangu 2007 wakulima wa Alsace hawaruhusiwi tena kulitumia. Basi, shaba yadumu, wala haijui kusahihisha maneno yake. Tena yasikitisha, kwa kuwa Schwendi alikuwa na sifa ya kweli ambayo shina lile haliisemi. Mwaka 1574, Wakristo wa madhehebu mbalimbali walipokuwa wakichukiana hata kumwaga damu, yeye, mtu wa vita, alimshauri Kaisari Maximilian wa Pili awaache Wakatoliki na Waprotestanti wakae pamoja kwa amani. Sifa hiyo yapita miche elfu.

Sasa tuinue macho. Katika mji huu pana nyumba iitwayo Nyumba ya Vichwa, iliyojengwa 1609, kwa kuwa ukuta wake wa mbele umechongwa vichwa na nyuso zaidi ya mia. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa nyumba hiyo ikawa mahali pa wafanya biashara ya mvinyo kukutana, na mwaka 1902 ikawekwa sanamu juu kabisa, penye kilele cha paa. Wale wafanya biashara walikuwa matajiri, nao wangaliweza kumweka tajiri mwenzao, au kabaila, au mfalme. Hawakufanya hivyo. Aliyewekwa kileleni ni fundi wa mapipa.

Sanamu hii si ya shaba, bali ya bati. Msidhani nasema mabati ya kuezekea nyumba, ambayo ni chuma kilichopakwa madini mengine. Nasema bati lenyewe, madini meupe na laini yayeyukayo upesi. Na fundi wa mapipa ni nani? Ni mtu achukuaye mbao za mwaloni, akazichonga moja moja, akazipinda kwa moto na maji, kisha akazibana kwa pete za chuma. Hatumii gundi wala msumari, na pipa lake halivuji hata tone. Mkulima akifanya kazi mwaka mzima na pipa likavuja, jasho lote lamwagika ardhini. Lakini anywaye mezani hulisifu shamba, husifu na mwaka, wala hamkumbuki mwenye pipa. Bartholdi alimkumbuka, akampandisha mahali ambapo kila apitaye, akitaka kumwona, sharti ainue kichwa. Yeye mwenyewe alikufa 1904, miaka miwili tu baadaye.

Kabla hatujaondoka, sharti niitaje kazi moja tena ya fundi huyu, ijapokuwa ni ya jiwe wala haina habari za zabibu, kwa maana yajibu swali letu la kwanza. Mwaka 1864 ilisimamishwa Colmar sanamu ya jemadari wa bahari aitwaye Bruat, na chini yake Bartholdi alichonga watu wa jiwe kuwa mfano wa pande za dunia. Mmoja alikuwa Mwafrika mwenye uso wa huzuni. Wako watakaoumia kusikia kwamba ndugu yetu aliwekwa chini ya miguu ya jemadari, nao wana haki. Lakini mtoto mmoja wa mchungaji, kutoka kijiji cha Günsbach kilicho karibu, kila aletwapo mjini hakumtazama jemadari. Alikwenda kumtazama yule wa chini. Mtoto huyo ni Albert Schweitzer, ambaye mwaka 1913 alikwenda Lambaréné katika Gabon kuwaganga wagonjwa. Baadaye aliandika kwamba uso ule wa jiwe ndio uliomfanya kuwaza habari za Afrika. Mwaka 1940 Wanazi waliivunja kazi hiyo, lakini kichwa cha Mwafrika kiliokolewa, nacho chahifadhiwa katika nyumba ya Bartholdi, ambayo sasa ni makumbusho.

Basi, ndugu, somo la Colmar ndilo hili. Mkuu juu ya nguzo ameshika sifa isiyo yake. Fundi asiye na jina ameketishwa kileleni. Na aliyewekwa chini kabisa ndiye aliyeugeuza moyo wa mtoto. Sisi nasi tuna wafua chuma, wafinyanzi, wasuka mikeka na mama zetu wachotao maji alfajiri. Hatuna shaba ya kuwafanyia sanamu, lakini tuna vinywa vya kuwashukuru. Jioni ya leo, kabla ya sala ya nyumbani, kila mzazi na awaulize watoto wake: Leo tumekula kwa kazi ya mikono ya nani? Nao wakiisha kuwataja, na tuwaombee kwa majina yao.