Njia ya Kupandia Kilima cha Portsdown



Mwenye kutaka kuuona mji wa Portsmouth wote kwa mtazamo mmoja, na apande kilima cha Portsdown. Ni kilima cha chokaa, kimelala upande wa kaskazini wa mji mfano wa ukuta, na juu yake zimejipanga ngome walizozijenga Waingereza katika miaka ya 1860 kwa kuwahofia Wafaransa. Ukisimama hapo ukaelekea kusini, utakiona kisiwa cha Portsea na nyumba zake zilizosongamana, bandari ya manowari, na mnara mweupe wa Spinnaker wenye urefu wa mita 170, uliofunguliwa mwaka 2005. Nyuma ya hayo yote kuna mkondo wa bahari, na ng'ambo yake kisiwa cha Wight. Sisi watu wa visiwani hatukupata tabu kubwa kuuzoea mji huu, kwani una ngome, una bandari, na upepo wake una chumvi. Baridi tu ndiyo isiyokuwa yetu.

Wazanzibari wamekuwa wakiishi hapa tangu mwaka 1964. Sultani wa mwisho, Sayyid Jamshid bin Abdullah, aliishi Southsea, upande wa kusini wa kisiwa hiki, kwa zaidi ya miaka 50, mpaka alipohamia Oman mwaka 2020. Huko ndiko alikofariki mwezi wa Disemba 2024. Waliokuja wakati ule, na waliokuja baadaye kwa sababu zao nyingine, wamekuwa jamaa moja inayojuana kwa majina na kwa mitaa ya asili. Harusi ya mmoja ni harusi ya wote, na msiba kadhalika. Maradhi lakini tumezoea kuyafunika.

Leo nakusudia kuieleza njia moja ya mji huu, ambayo wengi wetu hatuijali mpaka siku tunapolazimika kuipita. Nayo ni njia itokayo Southsea, ikapita Fratton na North End, ikafika Hilsea, ikavuka daraja la kutokea kisiwani, ikaingia Cosham, kisha ikapanda mpaka Hospitali ya Queen Alexandra iliyo ubavuni mwa kilima. Hospitali hiyo ilianza kazi mwaka 1908 kwa ajili ya wanajeshi. Mimi na mume wangu tuliishika njia hiyo kwa takriban mwaka mzima, tangu mwezi wa Septemba 2022, alipoambiwa kuwa ana saratani ya utumbo mpana.

Habari yenyewe ilianzia kwenye bahasha. Serikali ya hapa Uingereza humpelekea mtu nyumbani kichupa kidogo chenye kijiti ndani yake, achovye kijiti katika choo chake, akirudishe kichupa kwa posta bila ya malipo. Maabara hutazama iwapo mna damu isiyoonekana kwa macho. Mume wangu alikuwa na umri wa miaka 62, hana maumivu, anakwenda kazini kila siku. Bahasha ilikaa wiki mbili juu ya kabati la chooni, kisha siku moja akaifanya hiyo kazi, akaipeleka posta mwenyewe. Jawabu likaja kuwa damu imo. Akaitwa hospitali kutazamwa kwa kamera iliyofungwa kwenye mpira mwembamba, baada ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo iliyomkesha usiku kucha. Huko ndiko ilikoonekana.

Siku ya kupewa habari tuliingizwa chumba kidogo. Alikuwapo daktari mpasuaji, na pembeni yake muuguzi mwenye kazi maalumu ya kuwaangalia wagonjwa wa aina hii. Daktari alieleza kwa upole kuwa uvimbe uko sehemu ya chini ya utumbo, kuwa maradhi haya aghalabu huanza kama kinyama kidogo kisichodhuru ambacho huchukua miaka kugeuka saratani, na kuwa upasuaji ndio tiba yake ya kwanza. Kisha akasema kuwa, ili mshono wa ndani upate kupona, huenda ikabidi haja itolewe kwa muda kupitia tundu tumboni, iingie katika mfuko unaogandishwa kwenye ngozi.

Mume wangu hakutamka neno mpaka basi lilipovuka daraja na kuingia Hilsea. Hapo akaniambia, "Mama watoto, mimi sikatwi. Mtu aliyebeba najisi tumboni atasimamaje mbele ya Mola wake?"

Ndugu wasomaji, nataka mlifahamu vizuri neno hilo, kwa sababu lilikaribia kumuua. Hakuwa akiogopa kisu wala kifo. Aliogopa kukosa sala. Mtu huyu hakuwahi kuacha sala ya alfajiri kwa baridi ya Uingereza kwa miaka 30, naye alikuwa tayari kuifuata saratani mpaka mwisho wake kuliko kuishi na mfuko ule. Daktari hangeweza kuijua khofu hiyo, kwani hakuambiwa. Na mimi, mkewe, sikuwa na elimu ya kuiondoa.

Sikushindana naye. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kumjibu daktari amwulize sheikh wetu. Akenda baada ya sala ya Ijumaa. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Je, utakuwa na uwezo wa kuizuia hiyo haja?" Akajibu kuwa hatakuwa nao. Sheikh akamwambia, "Basi usijitwishe mzigo ambao hukutwishwa." Akamfafanulia kuwa hukumu yake ni ile ya mwenye udhuru, kama asiyeweza kuzuia mkojo. Aumwage mfuko, ajisafishe, atie udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha asali, na kwa kila sala ya faradhi atie udhu mpya. Mume wangu alirudi nyumbani akaniambia niwapigie simu hospitali.

Alipasuliwa mwezi wa Novemba 2022, akalala wodini siku nane. Muuguzi wa mfuko alitufundisha sote wawili namna ya kuubandika na kuumwaga, naye hakuona haya, basi na sisi tukajifunza kutoona haya. Matokeo ya maabara yalisema kuwa saratani imeshaingia katika tezi chache zilizo karibu na utumbo. Hiyo ndiyo daraja ya tatu katika daraja zao nne, na maana yake ni kuwa baada ya kisu hufuata dawa.

Wakati huo bado ilikuwa siri. Alikuwa ametaka tujue sisi, watoto, na sheikh peke yetu. Hata mama yake kule Unguja aliambiwa kuwa ni "tumbo" tu. Sitara ni tabia njema, na mwili wa mtu ni amana yake. Lakini siri hiyo ilivunjwa na kitu kidogo sana, nacho ni chakula. Kina mama waliposikia kuwa amelazwa, wakaanza kuleta sufuria kama ilivyo ada yetu, pilau, biriani, mchuzi wa pilipili, mahindi ya nazi. Na mgonjwa mwenye tundu kama lile, katika wiki za mwanzo, hutakiwa ale vyakula laini visivyokuwa na makapi, kama wali mweupe, samaki wa kuchemsha, mayai na viazi vya kuponda. Mahindi na njugu huweza kumziba. Huwezi kumwambia mtu asilete mahindi bila ya kumwambia kwa nini. Mume wangu alifikiri siku mbili, kisha akaniambia, "Waambie."

Nikawaambia. Hakuna aliyekimbia, wala hakuna aliyemcheka. Kwa muda wa wiki tano mlango wetu uligongwa kila magharibi, na ndani ya sufuria mlikuwa na wali mweupe na samaki. Wanaume nao wakapanga zamu ya magari, nasi tukaachana na mabasi. Na yeye mwenyewe akampigia mama yake simu, akamweleza maradhi kwa jina lake. Bi mkubwa alilia, kisha akamwambia kuwa alikuwa akijua anafichwa jambo, na kwamba dua ya mama isiyojua inachokiombea huchoka njiani.

Dawa zilianza Januari 2023. Zilikuwa duru nne, kila moja wiki tatu, siku ya kwanza sindano ya mshipa na kisha vidonge vya wiki mbili. Moja katika dawa hizo ina ajabu yake, nayo ni kuwa humfanya mgonjwa asistahimili baridi. Akishika kitu kilichotoka katika friji vidole huchomwa kama sindano, na akinywa maji baridi huhisi koo linafunga. Na hiyo ndiyo miezi ya upepo kilimani! Alipanda akiwa na glavu mbili na kitambaa kinywani, na nyumbani udhu wake ulikuwa wa maji ya moto.

Sindano ile ilichukua saa kadhaa. Mara nyingi alisinzia, nami nikatoka nikapanda kwa miguu mpaka juu ya kilima, nikakaa kwenye ubao wa kupumzikia, nikalia. Nililia huko kwa kuwa nyumbani hapakuwa na nafasi. Siku moja mama mmoja mtu mzima wa jamaa zetu alinifuata na chupa ya chai ya tangawizi. Akanimiminia, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mgonjwa ana muuguzi. Muuguzi ana nani?" Tangu siku hiyo hakuniacha nipande peke yangu. Swali lake nalileta kwenu, kila mwenye jirani anayeuguza ajiulize.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia tarehe 23 Machi, naye yumo katika vidonge vya mwisho. Mwenye tundu la namna yake hupoteza maji na chumvi nyingi, na daktari na sheikh walikubaliana kuwa asifunge. Hilo lilimuumiza kuliko sindano. Akajipa kazi ya kutuamsha daku na kuzipanga tende za futari, asipitwe na mwezi wote mikono mitupu. Mfuko uliondolewa mwezi wa Septemba 2023. Mpaka leo hupimwa damu na kupigwa picha kwa miadi, na ataendelea hivyo mpaka itimie miaka mitano. Hatusemi kuwa amepona. Tunasema Alhamdulillahi, na tunakwenda kwenye miadi.

Kwa walioko Uingereza, nayaweka hapa niliyoyajua njiani. Mkalimani wa hospitali ni bure, mwombeni, msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa habari kama hizi. Mgonjwa wa saratani katika England halipi dawa za daktari tangu mwaka 2009, ila lazima ajaze fomu kwa daktari wake apate cheti. Jumuiya ya Macmillan hutoa ushauri kwa simu, nao wana wakalimani. Khofu yoyote ya dini itamkeni mbele ya anayejua, kabla ya kukataa tiba.

Na hiyo bahasha huletwa kila baada ya miaka miwili kwa aliye na umri wa miaka 50 hadi 74. Najua kuwa katika nyumba zetu nyingi hutupwa kwa kuonekana uchafu. Ikiwa iko juu ya kabati lako, ichukue leo. Na ukiona damu chooni, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, usiisubiri bahasha, nenda kwa daktari.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza. Wabillahi tawfiq.