Taylor, Jina la Mshonaji

Waarabu wana al-Khayyat, Wahindi wana Darji, Waingereza wana Taylor. Yote ni majina ya ukoo, na yote yametoka kwenye sindano na uzi. Babu aliitwa kwa kazi yake. Wajukuu wakaiacha kazi, jina wakabaki nalo.

Jina hilo limetembea mbali. Zachary Taylor, rais wa 12 wa Marekani, alimiliki watumwa hadi kufa kwake mwaka 1850. Major Taylor, Mmarekani mweusi, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli huko Montreal mwaka 1899, akafa fukara Chicago mwaka 1932. Hata Antaktika, nchi isiyo na mshonaji wala mvaaji kanzu, upo mto wa barafu uitwao Taylor, kwa heshima ya mwanajiolojia Griffith Taylor; ukingoni mwake huchuruzika maji ya chumvi yenye chuma, mekundu mithili ya damu.

Wapenzi wa ushairi watamkumbuka Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Kiingereza. Mwaka 1875, jijini London, mama mmoja alimzalia daktari wa Sierra Leone, Daniel Taylor, mtoto wa kiume. Akalichukua jina la mshairi, akaligeuza kidogo kama mtu apinduaye nguo: Samuel Coleridge-Taylor. Mtoto yule akawa mtunzi mashuhuri wa muziki.

Lakini Taylor wa pwani yetu ni William Ernest Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, akakipenda Kiswahili, na mwaka 1891 akachapisha kitabu cha methali zake. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kufariki yapata mwaka 1840, na mashairi yake yalikuwa yakielea vinywani mwa wazee, kila mazishi yakipungua. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi mwenyewe. Aliyaandika kwa hati ya Kiarabu, akampa Taylor, naye Taylor akaongeza maelezo kwa msaada wa Bwana Hamisi wa Kayi.

Taylor alifariki mwaka 1927. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa mashairi hayo kitabuni, Diwani ya Muyaka, yakachapwa Johannesburg. Miswada iko London, katika mkusanyo unaoitwa kwa jina la Taylor. Si dhuluma, Mzungu yule alifanya kazi kubwa, na asingeitunza miswada ile huenda leo tusingekuwa nayo. Ila uzi haukuwa wake. Ulikuwa wa mtu ambaye jina lake lasema hakujua, kumbe ndiye aliyejua: beti kwa beti, na nani alijibizana na nani, na kwa kisa gani. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, nusu karne kabla ya diwani kuchapwa.