Manati Isiyo na Ngozi

Katika kila shule niliyosoma, manati ilikuwa kosa. Ukikutwa nayo mfukoni unaipeleka mwenyewe ofisini kwa mwalimu wa nidhamu, na yanayofuata kila mtu anayajua. Sababu zipo: vioo vya madirisha, macho ya watu, kuku wa majirani. Kwa hiyo nilipoomba ruhusa ya kuendesha mashindano ya kurusha ndege kwa manati kwenye sekondari niliyopangiwa TP, kule Runazi, wilaya ya Biharamulo, jibu la kwanza lilikuwa kicheko. La pili lilikuwa hapana.

Ndege zenyewe ni glaida, yaani hazina injini wala panga. Unachonga mbawa, mkia na uti wa kuvishikilia, unaweka kijino chini ya pua, unakinasa kwenye mpira, unavuta, unaachia. Baada ya hapo kazi ni ya hewa na ya mikono iliyochonga. Marekani kuna mashindano makubwa ya sayansi ya wanafunzi yanaitwa Science Olympiad, na kurusha glaida kwa mpira kumewahi kuwa shindano mojawapo humo: atakayekaa hewani muda mrefu ndiye mshindi. Wenzetu wanatumia balsa, ule mti mwepesi ambao kwa sehemu kubwa hutoka Ecuador. Sisi tulikuwa na bonde lenye mafunjo, na lile sponji gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la tivii.

Kilichomgeuza Mkuu ni ngozi. Manati ya kuulia ndege ina panda, mipira miwili na kipande cha ngozi cha kushika jiwe. Ya kwetu ilikuwa kijiti kimoja chenye mpira mmoja. Haina panda, haina ngozi, na jiwe halikai hata ukilibembeleza. Tena ingekuwa moja tu kwa shule nzima, ikilala kabatini kwa mwalimu wa nidhamu. Mkuu akaivuta mara mbili tatu, akatafuta jiwe uani, akajaribu, likamdondokea kwenye kiatu. Ruhusa ikatoka.

Kanuni ile ya manati moja ilikuwa na faida ya pili, ambayo mimi niliitaka zaidi. Kama wote wanatumia mpira uleule na kuuvuta mpaka alama ileile, basi wote wamepewa nishati sawa. Tuseme unavuta sentimita 30 kwa nguvu ya wastani wa nyutoni 4: umeweka juli 1.2 kwenye mpira. Glaida zetu nyingi zilikuwa na gramu 6 hivi (nilizipima Biharamulo mjini, kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu, ambaye alinitazama kwa huruma sana). Kwa hesabu ya darasani, juli hizo zinatosha kuipandisha ndege ya gramu 6 mita 20. Kiuhalisia hewa inakula nusu au zaidi. Lakini inamla kila mtu, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mkulima.

Sasa kuna dogo mmoja wa kidato cha kwanza. Jina lake naliacha. Darasani kwangu alikuwa bubu. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, halafu Januari akaamkia kwenye fizikia ya Kiingereza, na mimi nikaja kuongeza mzigo na kanuni ya Hooke kwa lafudhi yangu ya kujikakamua. Ukimuuliza swali anasimama, anatazama ubao, anakaa.

Siku tunachagua mpira, mezani kulikuwa na aina mbili: vipande vya tyubu nyeusi ya baiskeli, na mipira ile myembamba ya kufungia noti, tuliyoiunga pamoja. Wengi walitaka tyubu kwa sababu ni nene na inaonekana ina nguvu. Dogo akavuta kila mmoja, akauachia usoni pake (ndiyo, usoni), akasema, “Mwalimu, hii nyeusi ni mvivu.”

Ni mvivu kweli. Tyubu nyingi za siku hizi ni za butili, mpira wa kiwandani unaosifiwa kwa kushika upepo, lakini ukiuvuta, sehemu ya nishati uliyoweka inapotea kama joto, na unarudi polepole. Mpira wa asili, unaotoka kwenye utomvu wa mti, unakurudishia karibu yote. Mimi niliyajua hayo kwa kusoma. Yeye aliyajua shavuni.

Kilichowasumbua karibu wote ni kupinduka. Unairekebisha ndege mpaka inateleza vizuri ukiirusha kwa mkono, unafurahi, unaitia kwenye mpira, inapiga duara moja na kujikita kisogoni kwako. Maelezo yake ni matamu. Glaida hizi zinateleza kwa kama mita 4 kwa sekunde, lakini mpira unaziachia kwenye mita 20. Mwendo umezidi mara 5, na kwa kuwa nguvu ya kunyanyua inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo, mbawa zinanyanyua mara 25. Ndege haina namna, lazima ipinduke. Dawa ni kuulaza mkia uwe karibu sambamba na mbawa, kusogeza kitovu cha uzito nyuma kidogo, na kuirusha ikiwa imelala ubavu, ili lile duara ligeuke kuwa mzunguko wa kupanda. Niliyaeleza hayo ubaoni kwa dakika 40. Dogo alikuwa ameshaanza kuilaza ubavu kabla sijafika kwenye kipeo.

Uzito wa puani tuliweka udongo wa kichuguu. Ndege iliyosawazishwa jioni, asubuhi ikawa inainua pua na kuanguka matako, maana udongo ulikauka na kupungua uzito. Tukahamia nta ya mshumaa. Hayo mambo madogo yalikula wiki mbili nzima, na sijutii hata siku moja.

Mwaka 1871, Alphonse Pénaud alirusha ndege yake ndogo ya mpira hadharani jijini Paris. Mpira wake ulisokotwa ili uzungushe panga, tofauti na wetu. Ilikaa hewani sekunde 11. Pénaud alikuwa na miaka 21, umri wa wengi mnaosoma ukurasa huu mkisubiri bumu.

Dogo alipata 13. Mashindano yalikuwa Agosti, kiangazi, saa nane mchana. Wenzake walikuwa wanakimbilia kurusha ili wakapumzike kivulini. Yeye akaomba awe wa mwisho, akawa anatazama juu ya kiwanja ambako mwewe alizunguka bila kupiga bawa. Mwewe wa namna hiyo amekalia hewa ya moto inayopanda. Dogo alirusha chini yake. Simu yangu ikasoma sekunde 13 na ushee, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimsikia akipiga kelele.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya jaribio. Swali moja liliwataka waandike kanuni ya Hooke, kwa Kiingereza, alama mbili. Mistari ya dogo ilikuwa mitupu. Pembeni alichora grafu ambayo hakuna aliyemuomba: mstari ulionyooka, kisha unapinda mwishoni pale mpira unapokaribia kukatika. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka sentensi. Nikampelekea karatasi mwalimu mwenyeji wa somo, mama mmoja mtaratibu. Akaitazama muda mrefu, akasema, “Mtihani wa taifa hautamwona akirusha, mwanangu.”

Hapa chuoni mjadala wa lugha ya kufundishia tunaufanya kila muhula, mara nyingi kwa Kiingereza. Upande wangu sasa naujua, kwa sababu ya ile grafu. Lakini yule mama alikuwa na miaka minne ya kumfikisha dogo kwenye mtihani, mimi nilikuwa na siku tisa. Tuliandika sifuri. Kisha jioni zilizobaki dogo alikuja ofisini, akachora, nami nikamwandikia chini ya kila mchoro sentensi moja ya Kiingereza, akaikariri akiwa ameshika mpira.

Kijiti kiko kabatini kwa mwalimu wa nidhamu. Mpira utakuwa umeshachoka. Ukipangiwa TP Biharamulo au Ngara, beba mipira ya kufungia noti pakiti mbili, na uitunze gizani, maana ile niliyoikuta dukani ilikuwa imekaa juani na inakatika ukiigusa. Mafunjo utayakuta.